Jino la Dhahabu la Mwonja Chai

Ninyi mnaosomea kutengeneza meno, mnaokaa mbele ya mashine inayochonga jino zima huku mkinywa soda, sogeeni kidogo. Mjukuu wangu aliye chuoni kwenu ameniomba niwaandikie jambo la kuwafaa, akanionya niandike machache tu. Machache sina. Nilikaa zaidi ya nusu ya maisha yangu mjini Kericho nikiwavika watu meno kofia, na bibi wa umri wangu akishashika kalamu hanyang'anywi. Mtavumilia.

Nianze na dirisha. Kliniki yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na chumba changu cha kazi kilikuwa na dirisha moja lililotazama mashamba ya chai. Mnajua Kericho mvua haina aibu, inakuja alasiri karibu kila siku. Basi rangi ya jino tuliichagua asubuhi, kabla wingu halijashuka. Ukilinganisha rangi saa tisa chini ya taa, utamtengenezea mtu jino linalofanana na taa. Mfunike nguo nyekundu kwa taulo, mwambie mama afute rangi ya midomo, tazama jino kwa muda mfupi, kisha geuza macho uyapumzishe. Macho huchoka upesi kuliko mikono. Vitabu vinasema uyapumzishe kwa kutazama kitu cha buluu. Mimi nilitazama chai kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, na sikumbuki kukosea kwa sababu hiyo.

Nilikosea kwa sababu nyingine. Alikuja mwalimu mmoja aliyefundisha Londiani, mzaliwa wa kule chini upande wa Nakuru, ambako maji hutia meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Nikamtengenezea jino jeupe, safi, la kujivunia. Akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Sista, hii ni jino ya nani?"

"Yako, mwalimu."

"Hapana. Hii umetoa kwa mtu mwingine. Nikicheka, watoto ya darasa wataona hii moja tu."

Nikaingia tena chumbani, nikakaa siku mbili nikichora michirizi ya kahawia kwenye jino jipya, kazi ya kuharibu kitu kizuri kwa uangalifu mkubwa. Alipolivaa hakuna aliyeweza kujua ni lipi. Aliondoka anacheka peke yake kwenye ngazi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba jino zuri ni lile linalofanana na majirani zake, hata kama majirani wenyewe ni wabaya.

Hamjaniuliza niliingiaje kazi hii. Mimi ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi wa chai. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma, na mama yangu alinibeba tumboni na kikapu mgongoni. Nilipomaliza shule, miaka michache baada ya uhuru, nilipata kazi ya kuosha vyombo kwa daktari bingwa wa meno aliyekuwa amefungua kliniki mjini. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, amesomea ng'ambo, mfupi, mkali, mwenye mikono midogo kama ya mtoto. Watu wote walimwita Bwana Meno, nasi pale ndani tulimwita Daktari. Siku moja wakati wa chakula alinikuta nimechonga kipande cha sabuni ya kufulia kikawa gego, na vilima vyake vinne na bonde lake katikati.

"Nani nafanya hii?"

Nikajua nimefukuzwa kwa kuharibu sabuni. "Ni mimi, Daktari. Nitalipa."

Aliligeuzageuza lile gego la sabuni, akatoka, akarudi na mche mzima wa sabuni. "Kesho fanya jino ya mbele. Kesho kutwa fanya ingine." Nilichonga meno ya sabuni kwa miezi, na kambi nzima tulifua nguo kwa meno hayo, mama akilalamika kwamba magego yanamponyoka mkononi.

Kofia yenyewe, kwa wale ambao bado mko mwaka wa kwanza, ni hii. Jino limevunjika lakini mzizi ni mzima. Daktari analisaga libaki kisiki kidogo, anachukua alama ya kisiki hicho, nasi mafundi tunatengeneza jino tupu ndani linalokivaa kisiki kama kofia. Wenye elimu huita krauni. Wagonjwa wetu walisema kofia, na mimi pia nasema kofia.

Kofia yangu ya kwanza, Daktari alipokwisha kunifanya fundi wake, nilimvika mama mmoja wa Sigowet, nayo ilikuwa ndefu kwa unene wa karatasi mbili. Karatasi mbili tu! Nilimwambia, "Nafikiri litazoea, mama." Baada ya wiki alirudi ameshika shavu, hawezi kutafuna hata kimyet, ule ugali wa wimbi ambao kwa Wakipsigis ndio chakula chenyewe. Daktari akamfanya aume karatasi ya kaboni, akanionyesha alama nyeusi ilipokaa, akalisaga. Mama alipoondoka, Daktari akanigeukia.

"Wewe nasema nini kwa mama?"

"Nilisema nafikiri litazoea."

"Hapana sema nafikiri. Mdomo ya mtu hapana mahali ya kufikiri. Kama najua, sema najua. Kama hapana jua, nyamaza, rudi fanya kazi."

Nilikasirika siku nzima. Lakini neno "nafikiri" sikulitumia tena mbele ya mgonjwa, na hilo ndilo lililonifikisha kwa Arap Sigei, mtu ambaye kwa ajili yake nimekubali kuandika haya yote.

Arap Sigei alikuwa mwonja chai katika kiwanda kimoja upande wa Bomet. Sijui kama mmewahi kumwona mwonja chai akiwa kazini. Vikombe vyeupe vinapangwa kwenye meza ndefu, kila kimoja na chai ya siku yake. Yeye anachota kijiko, anaifyonza kwa nguvu na kelele kama mtu anayevuta mluzi kuingia ndani, ili chai imwagike ulimini kwa matone madogo pamoja na hewa, kisha anaitema na kwenda kikombe kinachofuata. Kazi nzima iko kwenye meno ya mbele na ulimi. Siku hizo meza hiyo ilikuwa ya Wazungu. Sigei aliingia kiwandani akiwa mchemsha maji wa meza, na kwa miaka mingi alionja kilichobaki kwenye vikombe wakati wa kuviosha, mpaka akajua chai ya kila mteremko kama mnavyojua sauti za ndugu zenu. Sasa mwonjaji mkuu alikuwa anarudi kwao, na kampuni ilikuwa imekubali kumjaribu Sigei siku ya Jumamosi, mbele ya wanunuzi wawili kutoka Mombasa. Akifaulu, meza ni yake. Akishindwa, wangeleta mwingine kutoka ng'ambo.

Siku sita kabla ya Jumamosi hiyo, Sigei alivunja jino la mbele la juu akitafuna mahindi ya kuchoma nyumbani kwake.

Alifika kwetu Jumatatu, mtu mrefu, mpole, koti limefungwa vifungo vyote. "Chamgei, sista," alinisalimu, mkono umefunika mdomo. Nikamwitikia, nikamkalisha kitini. Alipoutoa mkono nikaona nusu ya jino imekwenda. Alituonyesha kwa kikombe cha maji jinsi hewa ilivyokuwa inapita vibaya na baridi ilivyompiga kwenye mshipa wa jino mpaka machozi yakamtoka. Daktari akasikiliza habari za Jumamosi, akaitazama kalenda, akasema inawezekana. Akamchoma sindano ya ganzi, akalisaga jino, akachukua alama, akaniachia nimvalishe kofia ya muda mpaka Ijumaa.

Nami nikafanya kile ambacho kila kliniki duniani ilifanya. Nilikoroga unga mweupe na mafuta ya karafuu, nikaibandika kofia ya muda kwa hiyo dawa. Karafuu hutuliza kisiki. Mgonjwa analala vizuri. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mara nyingi mno na mikono yangu haikuniuliza chochote.

Jumatano saa sita mchana alipanda ngazi zetu kwa vishindo. Yule mtu mpole sikumwona.

"Umeniwekea nini?"

"Wapi, Bwana Sigei?"

"Hapa! Asubuhi nimeonja vikombe ishirini. Yote ni karafuu. Chai ya juu, karafuu. Ya bonde, karafuu. Maji, karafuu. Hata ugali nyumbani ni karafuu!" Akaketi kwa uzito, akashika kichwa. "Mzungu ameniangalia tu. Dada yangu, umenimaliza."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa mtoto wa chai. Mama yangu alitufundisha tangu utotoni kwamba majani ya chai hayawekwi karibu na sabuni wala vitunguu kwa kuwa hunyonya kila harufu, na bado nilimwekea mwonja chai karafuu mdomoni nikamwambia aende salama. Fundi wa Nairobi angesamehewa kosa hilo. Mimi sikuwa na pa kujifichia.

Daktari alitoka akayasikia yote. Hakunigombeza mbele ya mgonjwa. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Aliing'oa kofia ya muda, akasafisha kisiki kwa pamba na maji ya uvuguvugu mara nyingi, kisha akakifunika kwa kijikofia chembamba cha aluminiamu bila dawa yoyote. "Taumwa na baridi," alimwambia. Sigei akajibu, "Wacha iume. Mimi nataka ulimi yangu."

Alipokwenda kupumzika kwa ndugu yake mjini, Daktari akanigeukia, nami nikamtangulia. "Daktari, najua nitakachofanya." Sikuwa najua bado, lakini nilikuwa nimeamua kwamba kufikia asubuhi nitajua, na hayo mawili yalikaribiana.

Kofia ya mbele wakati huo tuliitengeneza kwa akriliki, plastiki nyeupe yenye rangi nzuri ya jino. Niliinusa ile ya kwenye kopo. Maji yake ya kukorogea yananuka petroli, na harufu hiyo hutoka polepole kwa siku nyingi hata baada ya kuchemshwa. Ningemtoa kwenye karafuu nimtie kwenye petroli. Kulikuwa na mchanganyiko mweupe wa metali, wa bei nafuu. Kulikuwa na dhahabu. Kuhusu dhahabu vitabu vilisema haina ladha, lakini waandishi wa vitabu hawakuwa waonja chai. Wa kuulizwa alikuwa mmoja tu.

Alhamisi asubuhi nilipanga vikombe vinne vyeupe kwenye meza yangu, vyote vina maji yaliyochemshwa yakapoa. Katika kimoja sikuweka kitu. Katika cha pili nilikuwa nimelaza kipande cha akriliki usiku kucha, cha tatu metali nyeupe, cha nne dhahabu. Nilivitoa vipande, nikavichanganya vikombe nafasi zake, nikamwita Sigei. Daktari alisimama mlangoni amekunja mikono.

Tulikitoa kijikofia cha aluminiamu. Sigei akavitazama vikombe, na hapo nikaona mtu akirudi nyumbani kwake. Mabega yalishuka, akachukua kijiko, akafyonza. Baridi ilimpiga, jicho moja likafumba, lakini hakusimama.

"Hii iko na petroli," alisema, akatema. Cha pili. "Hii ni maji ya tanki yenu. Hiyo tanki iko na kutu, mwambie mwenye nyumba." Cha tatu. "Hii ni kama mtu amelamba kisu." Alipofika cha nne alifyonza, akatema, akarudi kikombe cha pili, akarudi tena cha nne. Akanitazama kama mtu aliyetegwa. "Hii ni hiyo ingine. Ni maji ya tanki tu. Ama umeweka maji mara mbili?"

Kilikuwa kikombe cha dhahabu.

"Na karafuu?" niliuliza.

Alifumba macho, akapitisha ulimi mdomoni. "Iko. Lakini iko mbali. Kama mgeni ameshatoka kwa mlango, sasa unasikia tu viatu yake."

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, na Daktari akakohoa kuniambia bado hatujafika. Kweli hatukuwa tumefika. Dhahabu kwenye jino la mbele! Siku hizo waliong'arisha dhahabu mbele ni vijana wa baa na wafanyabiashara wa kujionyesha. Sigei alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lao hata pete walikuwa wanaihoji.

Aliizungusha kofia yake ya nguo mkononi. "Wataniuliza, mzee mzima unatafuta nini na dhahabu."

"Utawajibu nini?" nilimuuliza.

"Nitasema hii ni kitu ya kazi, kama jembe." Kisha akainuka. "Weka."

Daktari akaingia sasa, akamfungua mdomo, akatafuta kama kuna jino lingine lililozibwa kwa metali. Hili mlishike: metali mbili tofauti zikikutana kwenye mate hupigana, na ulimi unaonja vita vyao. Sigei hakuwa na hata moja. Meno mawili ya mbele ya chini hakuwa nayo kabisa, yalitolewa utotoni kwa desturi ya kwao, kama wazee wengi wa Kipsigis wa umri wake.

Na hapo nikakosea tena. Nilichonga jino la nta kama vitabu vinavyotaka, urefu sawa na jirani yake, ncha zimelingana vizuri. Nikamvalisha ile nta kwa majaribio, nikampa maji afyonze. Ukatoka mluzi.

"Yangu ilikuwa ndefu," alisema.

"Lakini limelingana na la pembeni."

"Wewe unaangalia. Mimi navuta. Ilikuwa ndefu."

Nilikuwa karibu kubishana, nikamkumbuka mama wa Sigowet. Nikautazama tena mdomo. Jino la juu lisilo na mwenzake wa chini hushuka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, likitafuta mtu wa kugusana naye. La Sigei lilikuwa limeshuka kwenye ule mwanya, naye akajifunza kufyonza kwa mdomo huo, si kwa mdomo wa kitabuni. Nikaongeza nta kwa unene wa punje ya mchele. Akavuta maji. Kelele ikawa ile ya mwonja chai, kali na safi, na mtu wa duka la vitambaa akapiga kelele kutoka chini kuuliza ni nini kimepasuka.

Ijumaa ilikuwa siku ya moto. Unaifukia nta ndani ya unga uliokorogwa na maji, unasubiri uwe jiwe, unalichoma jiwe taratibu mpaka nta yote iyeyuke ipotee na kuacha nafasi yake. Kisha unayeyusha dhahabu kwa moto wa gesi na kuirusha ndani kwa mashine yenye springi inayozunguka kama kichaa. Neno muhimu ni taratibu. Mimi nilikuwa na haraka. Nililitoa jiwe mapema, nikarusha, nikalivunja, nikakuta kofia ina kitundu ukingoni, kinaingia ncha ya pini.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Sigei alikuwa ameketi kwenye benchi nje tangu tulipofungua.

Daktari akakishika kile kitundu kwenye mwanga wa dirisha. "Hii naweza ziba na simiti. Hapana mtu naona."

"Ulimi utaona," nilisema. "Naanza upya."

Sikujua kwamba alikuwa ananipima, baadaye alikiri. Nilichonga nta nyingine, nikamwita Sigei aijaribu, nikaifukia, na safari hii nililiacha jiwe motoni muda wake wote huku nimekalia mikono yangu miwili nisiliguse. Mjukuu wangu anasema wazee tunapenda kutia chumvi, lakini mikono niliikalia kweli. Dhahabu ilipotoka mara ya pili ilikuwa nzima. Nikalikata shina lake, kile kijiti cha dhahabu kilichoganda kwenye njia ya kuingilia, nikaisugua, nikaing'arisha mpaka nikajiona ndani yake na skafu yangu.

Sasa kuna jambo nililifanya ambalo msiniige. Niliichemsha ile kofia, nikaitia shavuni mwangu, nikanywa chai nayo. Kikombe kimoja, viwili, vitatu, ya rangi bila sukari. Nilitaka kujua mwenyewe. Nikaitoa, nikaichemsha tena kwa muda mrefu, nikampelekea Daktari bila kusema neno.

Kuibandika ni kazi ya baridi. Simiti ya meno hukorogwa juu ya kioo kizito, na kioo kikiwa na joto simiti inaganda kabla hujaitumia. Nilikuwa nakiweka kioo changu dirishani, na Kericho ilifanya iliyobaki. Koroga kidogo kidogo, tandaza kote, usiharakishe, mpaka ukiinua kijiko bapa simiti ifuate kama uzi. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Daktari akakausha kisiki, akaivalisha kofia, akamwambia aume pamba, nasi tukakaa watatu tukiisikiliza mvua mpaka simiti ikaganda. Simiti hiyo mbichi ni chungu, ndiyo maana hatukuruhusu tone la mate liifikie.

Sigei alijitazama kwenye kioo. Hakucheka. Aliufunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena.

"Sista, kesho nikionja kitu, nitajuaje ni chai ama ni mdomo?"

Daktari alinitazama mimi. Angeweza kujibu yeye, bingwa mwenye vyeti ukutani, lakini aliniachia.

"Jino hili halitoi kitu," nilisema. "Kuanzia leo, ukionja kitu, kiko kwenye kikombe."

Sikusema nafikiri.

Jumatatu alirudi. Nilimsikia kwenye ngazi, nikashindwa kujua kwa miguu yake kama ni habari njema, kwa kuwa alikuwa anapanda polepole. Aliingia, akaketi, akafungua kifungo cha juu cha koti, akatusimulia mimi na Daktari huku mkono umefunika mdomo kama siku ile ya kwanza.

Vikombe vilikuwa kumi na mbili. Mzungu upande mmoja, wanunuzi upande mwingine, karani na kalamu. Sigei alianza vizuri, akitaja mteremko na siku ya kuchumwa, na karani akiandika. Alipofika kikombe cha saba, akaonja karafuu.

"Nikasimama," alisema. "Sista, nitakuambia ukweli. Nilikulaani."

"Una haki," nilisema.

"Nikarudi kwa ya sita. Hakuna. Nikasukutua, nikarudi ya saba. Karafuu! Watu wananiangalia. Nikasema ndani ya roho, nikitaja karafuu na ni mdomo yangu, nimeisha, watacheka mpaka Mombasa. Nikinyamaza, nitasema ni chai nzuri, na mimi najua si nzuri. Nikaguza jino na ulimi." Akaligusa. "Nikakumbuka ulisema nini. Hukusema labda. Basi nikasema kwa sauti: hii chai imelala na karafuu."

"Wakasema nini?"

"Wakaangaliana. Halafu yule mnunuzi mzee akaweka mkono kwa mfuko, akatoa karatasi. Ilikuwa imeandikwa. Hiyo chai ilikaa kwa ghala Mombasa karibu na magunia ya karafuu, ikaharibika. Waliileta makusudi kunitega."

Daktari alitoa miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Mimi nililia, na siwaombi radhi. Meza ilikuwa ya Sigei, na alikaa nayo mpaka alipostaafu.

Wanangu, mashine zenu ni nzuri, nimeziona, na sizionei wivu isipokuwa kidogo. Lakini mashine haitaulizwa swali na mtu aliyeketi kitini akiwa na Jumamosi yake mbele. Mtaulizwa ninyi. Fanyeni kazi ambayo mtaweza kumjibu, na kama bado hamwezi, rudini chumbani mkaanze upya hata kama yuko nje kwenye benchi tangu asubuhi.

Nirudi kwa Sigei nimalize. Alipokuwa anasimama aende, nilishindwa kukaa na siri, nikamwambia habari ya chai niliyokunywa na jino lake likiwa shavuni mwangu. Daktari akaruka. "Wewe nafanya nini?" Sigei alinikodolea macho. Mlango ulikuwa wazi, na wagonjwa kwenye benchi wote walikuwa wamegeuka.

"Vikombe ngapi?" aliuliza.

"Vitatu."

"Ilikuwa chai ya wapi?"

"Ya kwetu nyumbani. Ya paketi."

"Ndiyo maana," alisema mzee wa kanisa, "nilisikia vumbi kidogo." Mkono ukaanguka kutoka mdomoni, akacheka kichwa kimeenda nyuma, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Nami hata katika furaha ile fundi hakulala ndani yangu. Niliinama nikaitazama dhahabu yote mpaka pale inapokutana na ufizi, na hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata uzi.